Jinsi ya Kuandika Riwaya ya Kihistoria Kuhusu Nyota wa Hollywood ya Awali: Mwongozo Kamili

Nyota wa filamu bubu alikuwa ameshatungwa kabla mwandishi wa riwaya hajafika. Mwaka 1915 studio ya Fox ilimtangaza Theda Bara kuwa mtoto wa jangwani, mzaliwa wa Misri, mwenye damu ya Kifaransa na Kiarabu. Mwanamke mwenyewe alikuwa Theodosia Goodman, binti wa fundi cherehani wa Kiyahudi, mzaliwa wa Cincinnati, Ohio. Magazeti yaliambiwa, yakaandika, na wasomaji wakayameza. Ukiyachukua magazeti hayo leo ukayageuza riwaya bila kuyahoji, utakuwa unaifanyia kazi ofisi ya matangazo ambayo watu wake wote wameshakufa.

Ndiyo maana katika mwongozo huu ninasisitiza jambo moja: mwandike nyota akiwa kazini. Kashfa, ndoa na majumba ya kifahari vimesimuliwa mno. Siku ya kazi haijasimuliwa vya kutosha, na huko ndiko utakakomkuta mtu.

Nitatumia mfano mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho, Anna May Wong, mwigizaji Mmarekani wa asili ya Kichina, ili kila hatua uione ikifanya kazi.

Hatua ya 1: Chagua nyota mmoja na kipande kifupi cha maisha yake

Usijaribu kuandika maisha mazima. Riwaya inayoanza kitandani kwa mkunga na kuishia makaburini hugeuka wasifu wenye mazungumzo. Tafuta miezi ambayo ndani yake kitu kimoja kikubwa kinabadilika.

Anna May Wong alizaliwa Los Angeles tarehe 3 Januari 1905. Jina lake la nyumbani lilikuwa Wong Liu Tsong, na baba yake alikuwa dobi. Utotoni alikuwa akitoroka shule kwenda kutazama filamu zikipigwa kwenye mtaa wa Wachina, na pesa ya chakula cha mchana ikiishia kwenye tiketi za sinema. Mwaka 1919, akiwa na miaka 14, alipata nafasi ya kupita mbele ya kamera kama mmoja wa wabeba taa katika The Red Lantern. Mwaka 1921 aliacha sekondari, na mwaka huohuo akatajwa kwa jina katika Bits of Life, akiigiza mke wa mhusika wa Lon Chaney. Novemba 1922 ikatoka The Toll of the Sea, filamu ya Technicolor ya rangi mbili (mbinu ya awali ya kupiga filamu za rangi), naye akiwa mhusika mkuu katika umri wa miaka 17.

Mimi ningechukua kipande cha kati ya 1921 na Novemba 1922. Anaingia akiwa binti wa dobi anayetafuta kazi za siku mojamoja, anatoka akiwa sura iliyo kwenye mabango. Na ndani ya miezi hiyo Hollywood yenyewe inatikisika. Septemba 1921 mchekeshaji maarufu wa filamu Roscoe Arbuckle anakamatwa baada ya kifo cha mwigizaji Virginia Rappe mjini San Francisco. Tarehe 1 Februari 1922 mwongozaji William Desmond Taylor anauawa kwa risasi nyumbani kwake. Mwaka huo huo wakuu wa studio wanamwajiri mwanasiasa Will Hays asafishe jina la biashara yao. Msichana wa miaka 16 anaingia mlangoni wakati wakubwa wanaogopa kila kitu. Hapo una riwaya.

Kama moyo wako unataka habari yenye mguu Afrika Mashariki, ipo ya kweli. Mwaka 1929 studio ya MGM ilimtuma mwongozaji W. S. Van Dyke pamoja na waigizaji Harry Carey, Edwina Booth na Duncan Renaldo kuja huku kupiga Trader Horn, iliyotoka 1931. Pamoja nao aliigiza Mwafrika Mashariki, Mutia Omoolu, ambaye baadaye alipelekwa California kumalizia sehemu zilizobaki. Booth aliugua na akaishtaki studio. Safari ya Mutia peke yake, kutoka nyikani hadi ndani ya studio iliyojenga nyika ya bandia, inatosha kitabu kizima, na mwandishi wa Kiswahili ana njia ya kumfikia ambayo wengine hawana.

Hatua ya 2: Amua nani anaona

Unaweza kumpa nyota mwenyewe usimulizi, lakini kila ukurasa utakuwa unamwekea mtu halisi mawazo ambayo hakuwahi kuyasema. Njia ninayoiamini zaidi ni kumbuni mtu wa pembeni mwenye sababu ya kuwapo chumbani.

Kwa mfano wetu ningembuni msaidizi wa chumba cha mavazi. Anamfunga nyota vifungo, kwa hiyo anajua amekonda au amelia. Anasikia umbea wa mafundi. Analipwa kwa wiki na anaweza kufukuzwa Jumamosi yoyote, kwa hiyo ana cha kupoteza. Ningemfanya awe wa familia ya Kimeksiko, kwa kuwa familia ya Wong iliishi nje ya mtaa wa Wachina, kati ya majirani Wameksiko na Wazungu wa Ulaya Mashariki. Ujirani huo unampa haki ya kumjua Anna May kabla studio haijamjua.

Mpe mtu wako haja yake mwenyewe. Akiwa ni macho tu, msomaji atamchoka kufikia sura ya tatu.

Hatua ya 3: Tazama kabla ya kusoma

Anza na filamu zenyewe. Nyingi za Marekani zilizotoka kabla ya 1930 hazina tena hakimiliki na zinapatikana bure mtandaoni. Itazame kila moja zaidi ya mara moja. Mara ya kwanza fuata hadithi. Mara ya pili zima muziki, kwa kuwa muziki uliowekwa baadaye unakuamulia hisia. Mara ya tatu usimwangalie nyota kabisa: angalia kuta za seti zinazotikisika upepo ukivuma, kivuli kinachokuambia jua liko upande gani, mikono ya waigizaji wa ziada wasiojua waiweke wapi.

Jihadhari na mwendo. Nakala nyingi zinachezwa haraka kuliko zilivyopigwa, ndiyo maana watu wanaonekana wanakimbiakimbia. Waliopita mbele ya kamera ile walitembea kama wewe na mimi. Punguza kasi ya mchezo kwenye kompyuta yako hadi mwendo uwe wa kibinadamu, ndipo uandike.

Halafu kuna zilizopotea. Utafiti uliotolewa na Maktaba ya Bunge la Marekani mwaka 2013 ulihesabu karibu filamu ndefu 11,000 za kimarekani za 1912 hadi 1929, na ukakuta asilimia 14 tu ndizo zilizobaki kamili katika umbo lake la asili. Mikanda ilikuwa ya naitreti, kitu kinachowaka kama baruti na kuoza kikiachwa. Moto wa ghala la Fox huko Little Ferry, New Jersey, Julai 1937, uliteketeza sehemu kubwa ya kazi ya Theda Bara kwa siku moja. Bits of Life nayo imepotea. Kwa mwandishi wa riwaya hilo ni huzuni na pia ni nafasi: una picha za mnato, una maoni ya wakosoaji wa wakati ule, lakini hakuna aliye hai anayeweza kukuambia Anna May alishikaje kikombe katika filamu hiyo. Weka sura zako za ubunifu hapo.

Hatua ya 4: Soma magazeti kwa jicho la mpelelezi

Media History Digital Library imeweka mtandaoni, bure, mamilioni ya kurasa za magazeti ya sinema, na mtambo wake wa kutafutia unaitwa Lantern. Humo utakuta aina mbili. Photoplay na wenzake yaliandikiwa mashabiki. Moving Picture World na Variety yaliandikiwa wafanyabiashara. Ukitaka kujua studio ilitaka watu waamini nini, soma ya kwanza. Ukitaka kujua nani amefukuzwa, filamu gani haikuuza na jumba gani la sinema limeungua, soma ya pili.

Usitafute jina la nyota peke yake. Tafuta jina la mtaa, aina ya kitambaa, neno la ufundi, bei. Soma matangazo ya sabuni na viatu yaliyo pembeni, kwa sababu ndiyo yanayokupa vitu vya kuweka mezani kwenye nyumba ya mhusika wako. Kwa magazeti ya kila siku ingia Chronicling America ya Maktaba ya Bunge. Kwa mitaa, tafuta ramani za Sanborn, zilizochorwa kwa ajili ya makampuni ya bima ya moto: zinaonyesha jengo kwa jengo, hata kama ni la mbao au la matofali.

Usisahau nyaraka za serikali. Sheria ya 1882 ya kuwazuia Wachina kuingia Marekani ilidumu hadi 1943, na hata Mchina aliyezaliwa Marekani alilazimika kujaza fomu na kuhojiwa kabla ya kusafiri nje, ili aruhusiwe kurudi kwao. Faili za namna hiyo zimehifadhiwa katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa ya Marekani. Nyota aliyepigwa picha na magazeti yote alikuwa bado anatakiwa kumthibitishia afisa kwamba amezaliwa Los Angeles. Karatasi kama hiyo ina uzito kuliko makala kumi za mashabiki.

Kwa kila habari jiulize: nani alinufaika ilipochapishwa? Inasemwa mpaka leo kwamba nyota wa filamu bubu John Gilbert aliangushwa na sauti nyembamba filamu zilipoanza kusema. Filamu zake zenye sauti zipo. Zisikilize: sauti yake ni ya kawaida kabisa.

Hatua ya 5: Tengeneza kalenda, pamoja na orodha ya visivyokuwapo

Chora safu tatu: yaliyotokea mjini, yaliyompata nyota, na unayobuni wewe. Kila tukio la kubuni lazima lipate nafasi bila kusukuma la kweli.

Kisha andika orodha ya vitu ambavyo havikuwapo, maana humo ndimo riwaya nyingi za Hollywood huanguka. Kwa kipande chetu cha 1921 hadi 1922: maandishi makubwa mlimani hayapo, yaliwekwa 1923, na yalisomeka Hollywoodland hadi 1949. Tuzo za Oscar hazipo, zilianza kutolewa Mei 1929. Jumba la sinema la Grauman's Chinese halipo hadi 1927, lakini la Egyptian linafunguliwa Oktoba 1922, mwishoni mwa hadithi yako. Central Casting, ofisi ya kuwapangia kazi waigizaji wa ziada, haipo hadi mwishoni mwa 1925. Mtu wako anasimama getini kila asubuhi akisubiri kuitwa. Stesheni kubwa ya reli ya Union haipo, ilifunguliwa 1939 mahali palipokuwa na mtaa wa zamani wa Wachina, ule ule ambako Anna May mtoto alikuwa akitazama kamera. Pombe imepigwa marufuku tangu Januari 1920, kwa hiyo kila glasi ni siri au hongo.

Vilivyokuwapo: tramu nyekundu za Pacific Electric, treni ya kutoka Chicago inayochukua karibu siku tatu, na mji uliokua kutoka watu 319,000 mwaka 1910 hadi zaidi ya 576,000 mwaka 1920. Kelele za ujenzi zisikose.

Hatua ya 6: Jifunze siku ya kazi hadi uweze kuifanya

Kaa hapa muda mrefu kuliko hatua nyingine yoyote.

Mkanda wa filamu wa miaka ile, wa aina ya othokromatiki, ulikuwa kipofu kwa rangi nyekundu. Chekundu kilitoka cheusi. Bluu ilipauka, ndiyo maana anga inaonekana nyeupe tupu na macho ya bluu yakawa tatizo kwa wapiga picha. Ngozi yenye wekundu ilitoka na mabaka, kwa hiyo nyuso zilipakwa vipodozi vya mafuta vyenye rangi iliyoelekea njano. Midomo ikipakwa nyekundu sana, ilitoka shimo jeusi. Max Factor, fundi wa vipodozi aliyefungua duka Los Angeles mwaka 1909, alitengeneza mwaka 1914 kipodozi chepesi kwa ajili ya kamera, kisichopasuka uso ukicheka.

Taa za kaboni zilikuwa kali na zilitoa vumbi na miali iliyochoma macho. Waigizaji waliamka macho yamevimba, mekundu, hawawezi kufungua kope, kazi ikasimama. Kamera ilizungushwa kwa mkono, takriban mizunguko miwili kwa sekunde, na mpiga picha mzuri alishika mwendo huo kama mpiga ngoma. Kwa kuwa hakuna sauti iliyorekodiwa, seti haikuwa kimya: maseremala waligonga misumari jirani, mwongozaji alizungumza na mwigizaji muda wote kamera ikizunguka, na mara nyingi mpiga fidla alikaa pembeni kumsaidia mwigizaji kulia. Ukiandika mwongozaji wa 1921 akidai ukimya, umekosea zama.

Sasa angalia maarifa haya yakiingia kwenye simulizi. Hii ni aya niliyoitunga kwa ajili ya msaidizi wetu wa mavazi:

"Kufikia saa mbili asubuhi nilikuwa nimempaka njano uso, shingo na nyuma ya masikio. Gauni lilikuwa jekundu. Nikamwambia litatoka jeusi. Akalishika upindo, akalitazama kwenye kioo. 'Kwetu hili ni la harusi,' akasema. 'Wao wataona msiba.' Akanyoosha mikono nimfunge vifungo. Kwenye kifundo kimoja alikuwa na alama ya pasi, bado mbichi, nami nikaipaka njano juu yake. Fidla ikaanza nje. Mwongozaji alikuwa ameshainua ile pembe yake ya bati: 'Barua hiyo imetoka kwa mumeo. Soma. Polepole. Harudi.' Mkono wa mpiga picha ulizunguka, midomo yake ikihesabu bila sauti. Nyuma ya ukuta wa turubai mtu alikuwa akipiga msumari, na yeye alilia katikati ya mapigo yale bila kukosea hata moja."

Hakuna tarehe humo wala maelezo ya kamera. Msomaji asiyejua lolote kuhusu filamu ya othokromatiki ameelewa kwamba jekundu litageuka jeusi, na ameelewa pia msichana huyu anapoteza nini kila anaposimama mbele ya lenzi. Ukijikuta unaeleza mtambo kwa sentensi tatu mfululizo, rudi nyuma umkabidhi mtu aushike.

Pesa nayo ni sehemu ya kazi. Iache kwa dola, uipe uzito kwa vitu. Chaplin aliingia mkataba wa dola 10,000 kwa wiki mwaka 1916, wakati waigizaji wa ziada walishukuru wakipata chache kwa siku. Katikati ya miaka ya 1920 gari la Ford Model T lilikuwa chini ya dola 300. Tofauti hiyo haihitaji hotuba.

Hatua ya 7: Jua sheria inayombana mhusika

Baada ya kashfa ya Arbuckle, Universal iliweka kwenye mikataba kifungu cha maadili: mwigizaji akichafua jina, malipo yanasimama. Kanuni maarufu za udhibiti wa filamu ziliandikwa 1930 na kukazwa 1934, kwa hiyo mwaka 1922 usizitaje. Zama hizo kulikuwa na bodi za majimbo, kila moja na mkasi wake.

Kwa Anna May kulikuwa na ukuta mwingine. California ilikataza ndoa kati ya Mzungu na Mchina hadi 1948, na studio zilifuata mkondo huohuo kwenye skrini. Katika The Toll of the Sea mhusika wake anampenda Mmarekani, anamzalia mtoto, anamtoa mtoto huyo, kisha anajitupa baharini. Huo ndio mwisho aliopewa, na alipewa tena na tena miisho ya namna hiyo hadi akaondoka kwenda Ulaya mwaka 1928. Usilifanye jambo hili hotuba ya mhusika. Liweke kwenye karatasi ya ratiba: leo wanapiga kifo chake, kesho wanapiga harusi ya mwingine.

Hatua ya 8: Mazungumzo

Wahusika wako hawakusema Kiswahili, lakini kitabu chako kinasema. Kiswahili sanifu chepesi kinatosha. Misemo ya vijana wa leo itaua zama zako, na "shikamoo" kwenye geti la studio itamhamisha msomaji hadi Tanga. Nyumbani kwa dobi, hata hivyo, lugha yetu inakubeba vizuri, kwa sababu familia za Kichina nazo huwaita wakubwa kwa cheo cha undugu: baba, dada, kaka, si jina tupu. Tumia hilo, halafu akifika studio aitwe "Anna" na kila mpita njia. Msomaji atausikia mpaka kati ya nyumba na kazi bila kuambiwa.

Saa ziandike kwa hesabu yetu. Matusi ya ubaguzi yalijaa kwenye magazeti ya wakati ule. Yaweke kinywani mwa yule tu ambaye angeyasema, na msimulizi wako asiyarudie kama jina la kawaida.

Hatua ya 9: Heshimu waliokufa, kisha waeleze wasomaji ulichofanya

Sheria ya California inalinda matumizi ya kibiashara ya jina na sura ya mtu maarufu kwa miaka 70 baada ya kifo, ila inaviacha nje vitabu vya hadithi. Ukitaka kuchapa uso wake kwenye fulana za kutangaza kitabu, hilo ni jambo jingine, tafuta wakili.

Kubwa kuliko sheria ni haki. Arbuckle aliachiwa huru kwenye kesi ya tatu, tarehe 12 Aprili 1922, na baraza la wazee wa mahakama likamwomba radhi kwa maandishi. Virginia Rappe hakupata wa kumwomba radhi; magazeti yalimchafua akiwa kaburini na vitabu vikaendelea. Ukiwataja, usiwahukumu upya kwa ajili ya kunogesha sura. Mauaji ya Taylor hayajapata jibu hadi leo. Wahusika wako wana ruhusa ya kushuku, maana mji mzima ulishuku, lakini riwaya isimtaje mtu halisi kuwa muuaji.

Rasimu ikikamilika, ipitie na kalenda mkononi, ukurasa kwa ukurasa, ukiweka alama ya rangi moja kwa kila lililo kweli na nyingine kwa kila ulilobuni. Penye rangi moja tu kwa kurasa nyingi mfululizo, sura haijapikwa: ama ni wasifu, ama nyota wako angeweza kuwa mtu yeyote wa mahali popote. Kisha mpe asome mtu anayeijua historia ya Wachina wa Marekani, na mwingine asiyejua chochote kuhusu sinema.

Mwisho andika dokezo la mwandishi la ukurasa mmoja au mmoja na nusu, likae nyuma ya kitabu, si mbele. Sema msaidizi wa mavazi ni wa kubuni. Sema Bits of Life imepotea na kwamba matukio ya siku za upigaji wake umeyatunga. Kama umesogeza tarehe, itaje ile ya kweli. Na utaje filamu zilizopo ambazo msomaji anaweza kuzitazama usiku huohuo, ukianza na The Toll of the Sea, ambayo sehemu yake ya mwisho ilipotea na iliyobaki ikarejeshwa mwaka 1985.